Ajenda Namba Tisa

Mkitaka kuijua nchi ya Heshimani msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Iko palepale ilipo, watu wake wazima, wanawasalimu sana. Hakuna nchi yenye adabu kama ile. Nyumba ikiwaka moto Heshimani, mwenyewe huenda kwa jirani akapiga hodi, akaulizia hali ya watoto, ya mifugo, ya mguu wa bibi, ndipo aombe ndoo ya maji. Sisemi kwa ubaya. Nchi nyingine zimejaliwa dhahabu, nyingine mafuta, hawa wamejaliwa salamu. Kila mja na riziki yake.

Basi katika nchi hiyo palikuwa na bibi shamba mmoja, Siwema Ntandu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na visigino vilivyopasuka kwa kutembea matutani. Serikali ilimpeleka kijiji cha Kitopeni, ndiko kwao hasa, asimamie shamba la Mradi. Nasema "asimamie" kwa kuwa ndivyo barua yake ilivyoandikwa. Shamba lenyewe lilisimamiwa kutoka ng'ambo na bwana mmoja aitwaye Klaas, ambaye hajawahi kukanyaga Heshimani hata kwa kupotea njia. Bwana Klaas alikaa kwenye mji wake wa baridi na kikombe chake cha kahawa, na kamera kumi na mbili zilizosimikwa juu ya milingoti zikimwonyesha kila jani. Maji ya kumwagilia aliyafungua na kuyafunga kwa kitufe. Lango la shamba, hali kadhalika, kwa kitufe. Siwema yeye alipewa jembe na kofia yenye nembo.

Kilicholimwa ni muhogo uitwao Tumaini Saba. Tumaini la kwanza mpaka la sita yalikwenda wapi, hilo halikuandikwa popote. Muhogo huu ulitengenezwa maabara, ukafinyangwa mpaka ndani ya mbegu ya uhai wake, na sifa zake zilitangazwa redioni kila asubuhi: ugonjwa wa majani hauupati, panya akiuonja anauacha, nguruwe pori anaupita mbali kama mdeni anavyopita duka. Nchi nzima ilishangilia. Hakuna aliyejiuliza nguruwe, ambaye hachagui chakula, ameona nini.

Siwema alijiuliza. Msimu ule Bwana Klaas alikuwa ameyafunga maji makusudi, apime muhogo wake unavyovumilia ukame, na Siwema alijua tangu chuoni kwamba muhogo ukibanwa na kiu huongeza uchungu. Akang'oa kipande cha mzizi, akakiponda, akakitia kwenye chupa pamoja na karatasi ya kupimia sumu. Karatasi hizo ni za njano. Muhogo mtamu huziacha na unjano wake. Wenye sumu huzigeuza. Kwa kawaida mtu husubiri mpaka kesho yake. Siwema hakuwahi kumaliza chai yake, karatasi ilikuwa nyekundu kama tofali.

Akakaa kitako. Kitopeni wamezoea muhogo mtamu wa mababu, unaochimbwa, ukamenywa, ukachemshwa, na mwingine ukatafunwa mbichi njiani. Mvua ilikuwa imekosa mwaka wa pili. Maghala yalikuwa matupu, panya wenyewe walishahama. Na serikali ilikwisha tangaza Sikukuu ya Mavuno: baada ya wiki sita, siku ya Alhamisi, saa kumi kamili jioni, lango litafunguliwa kutoka ng'ambo, na wanakijiji wataingia kuchimba na kula, ulimwengu ukiwaangalia. Lango hilo lilikwisha pangiwa saa yake. Lingejifungua lenyewe, ila mtu amwambie Bwana Klaas alizuie.

Kwa hiyo Siwema alikuwa na sentensi moja ya kusema, "Huu muhogo una sumu, lango lisifunguliwe," na wiki sita za kuisemea. Mtasema ni muda mwingi. Ninyi hamuijui Heshimani.

*

Alianza na barua. Barua ya mtu wa daraja la nne kwenda kwa mgeni hupitia ofisi saba, na kila ofisi huipiga muhuri ikiridhika na salamu zilizomo. Ya Siwema ilifika ofisi ya tatu ikarudi. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hujaitaja shahada mpya ya Mheshimiwa. Andika upya kwa unyenyekevu." Akamwandikia Bwana Klaas moja kwa moja kwa kompyuta. Jibu lilirudi kabla hajanyanyua kidole: "Tunathamini sana maoni yako. Tafadhali yawasilishe kwenye mkutano wa kila wiki." Lilikuwa jibu la mashine. Bwana Klaas mwenyewe hakuwa na habari.

Ikabaki njia moja, mkutano. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, kamati ilikusanyika kwenye ukumbi wa wilaya mbele ya skrini kubwa, uso wa Bwana Klaas ukatokea mkubwa kama mlango. Mitambo ya ng'ambo ilikuwa imepangiwa dakika arobaini. Zikiisha, uso unazimika, hata kama mtu yumo katikati ya neno. Na ajenda zilikuwa tisa. Ajenda namba moja, Kufungua. Namba mbili, Utambulisho. Namba tatu, Salamu za Mwenyekiti. Namba nne, Salamu za Wajumbe. Namba tano, Kupokea Salamu za Mgeni. Sitawachosha. Namba tisa iliandikwa kwa herufi ndogo, Hali ya Shamba.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Balozi Dakta Lugoloka, mtu mnene mwenye sauti tamu, aliyewahi kuwa balozi katika nchi ambayo siku hizi haipo. Alisimama, akakohoa kidogo.

"Bwana Klaas, mgeni wetu mtukufu, mtaalamu uliyebobea, rafiki wa muhogo na rafiki wa wala muhogo. Mheshimiwa Makamu wangu. Mheshimiwa Makamu wa Makamu wangu. Katibu wetu mchapakazi. Wazee wetu wa Baraza, mliopo na mliotoa udhuru. Ndugu mwakilishi wa ndugu aliyeshindwa kufika…"

Bwana Klaas alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa. Alipomaliza Mwenyekiti, Makamu akasimama naye akawasalimu walewale, akaongeza Mwenyekiti. Kisha Makamu wa Makamu. Siwema alikaa kiti cha nyuma kabisa, chupa yake mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Katikati ya ajenda namba nne, Katibu akiwa amefika kwa "wazee wetu mliopo na…", skrini ikazimika.

"Tumekwenda vizuri leo," alisema Mheshimiwa, akajifuta jasho.

Kulikuwa na mashine nyingine huko ng'ambo iliyousikiliza mkutano na kuwaandikia muhtasari wakubwa wa Bwana Klaas. Muhtasari ulikuja siku ya pili: "Mazungumzo yalikuwa ya kirafiki. Washiriki wote wameridhika. Hakuna tatizo lililotajwa." Nao haukusema uongo hata neno moja.

*

Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu Siwema alimfuata Bwana Pazi, afisa itifaki, kijana aliyevaa suti hata jua la saa saba, ambaye ndiye aliyeshika vitufe vya vipaza sauti.

"Kaka Pazi, nakuomba. Dakika moja tu, mwanzoni. Watu watakufa."

"Dada Siwema, unataka nifukuzwe kazi? Daraja la nne aseme kabla ya Mheshimiwa?"

"Si kuna lile neno lenu? Mnasema 'itifaki imezingatiwa', mambo yanaendelea."

Pazi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama asiyejua kusoma. "Huwezi kusema imezingatiwa wakati haijazingatiwa, dada yangu. Huo utakuwa uongo mbele ya mgeni. Inazingatiwa kwanza, yote, jina kwa jina. Halafu ndiyo tunasema imezingatiwa."

"Inachukua muda gani kuizingatia?"

"Tukiharakisha? Dakika thelathini na nane."

Siwema akaenda nyumbani kwa Mheshimiwa mwenyewe. Alikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaitwa ndani, akasalimu, akaulizia familia, akasifu mapazia. Ndipo akaitoa ile chupa. Na hapa sitaki mumfikirie vibaya Mheshimiwa, kwa sababu alishtuka kwelikweli. Macho yalimtoka.

"Sumu! Aisee! Hili ni jambo zito, Bi Siwema. Zito mno."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Basi ukinipa nafasi…"

"Jambo zito namna hii haliwezi kusemwa na mtu wa daraja la nne. Tutakuwa tumelivunjia heshima." Akafikiri, akashika kidevu. "Nitakupandisha."

Akampandisha palepale. Kuanzia siku ile Siwema Ntandu akawa Mratibu Mwandamizi wa Dharura za Mizizi, daraja la pili, akahamishiwa kiti cha mbele. Alirudi kwake akicheka peke yake njiani kwa furaha, masikini. Alhamisi iliyofuata kila mjumbe aliposimama alimsalimu na yeye, kwa cheo chake kirefu, wengine wakampongeza, na Makamu wa Makamu akamwombea dua. Skrini ilizimika ajenda namba tatu.

*

Mtaniuliza, kwani hakuwaambia wanakijiji? Aliwaambia. Siku ya kwanza tu alisimama kisimani akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mgambo wakamchukua, akalala mahabusu siku mbili kwa kosa la kuukosea adabu muhogo wa serikali. Watu walimsikia, wakaguna, wakatazama yale majani mabichi ng'ambo ya waya. Mwenye njaa hana miiko.

Wiki ya tano akaenda kwa dada yake Mwavita. Mwavita ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, mwanamke wa maneno machache, mjane, mwenye watoto wanne. Aliyemtangulia kitinda mimba aliitwa Chausiku, miaka tisa, hodari wa kuruka kamba hata wakubwa walikuwa wakiacha shughuli zao kumhesabia. Siku ile alikuwa nje anaruka, vumbi linatimka.

"Dada, naomba unisikilize vizuri. Ule muhogo usiule hivihivi. Ukilazimika, umenye, uloweke maji siku tatu, uyamwage, uuanike juani mpaka ukauke, ndipo usage. Sumu inatoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mdogo wangu. Maji ya kuloweka nitatoa wapi?"

Siwema akageuka kuitazama ndoo pembeni ya mlango.

"Hapa tunapata ndoo moja kwa siku mbili," Mwavita aliendelea, pole pole, bila ugomvi. "Watoto wanne na mimi, na yule wa jirani. Niloweke muhogo siku tatu, halafu niyamwage? Tunywe nini? Na hizo siku tatu wale nini?"

"Utawaua watoto, dada!"

"Kwani sasa hivi nawafanyaje?" Akainua kifuniko cha sufuria, akamwonyesha. Humo mlikuwa na majani ya mlenda yaliyochemshwa bila chumvi. "Wewe ni mtu wa serikali, Siwema. Kawaambie wasitufungulie. Wakitufungulia, sisi tutaingia."

Nje, watoto wakahesabu kwa sauti mpaka mia moja na nne. Siwema alilia njia nzima, hasira na aibu vimechanganyika, kwa sababu dada yake hakuwa amekosea hata neno.

*

Ikafika Alhamisi yenyewe. Liwalo na liwe, alisema Siwema, akavaa viatu. Kutoka Kitopeni hadi ukumbini ni mwendo wa saa nzima. Ukumbi ulikuwa umepambwa, mashina ya mipapai nje yamepakwa chokaa, ingawa kamera ilikuwa ya ndani. Saa tisa kamili uso wa Bwana Klaas ukatokea. Kabla Mheshimiwa hajakohoa, Siwema alisimama.

"Bwana Klaas! Huu muhogo…"

Lakini Pazi alikuwa na vidole vyepesi. Alipomwona tu anainuka, akabonyeza, sauti ikakatika. Siwema hakujua. Aliisema sentensi yake yote, wiki sita aliibeba, akaisema mara tatu, akipunga mkono mmoja kukataa na mwingine akiinua juu ile chupa yenye karatasi nyekundu. Ng'ambo huko Bwana Klaas aliona mama mmoja mchangamfu anarukaruka kwa furaha na chupa mkononi. Angekuwa mtu wa maabara huenda angeitambua ile karatasi. Yeye alikuwa mtu wa usimamizi. Akachekelea, akainua kikombe chake cha kahawa juu, kumjibu.

Wakamkalisha. Sauti ikarudishwa. Mheshimiwa akasimama, anatetemeka kwa fedheha, na kwa niaba ya taifa zima akamwomba radhi mgeni kwa kitendo kile cha mtu kusema bila kusalimu. Na kwa kuwa radhi ya taifa haiombwi kienyeji, alianza kwa kuwatambua waliohudhuria. Skrini ilizimika bado hajafika kwenye radhi yenyewe.

Muhtasari ulisema: "Mshiriki mmoja alionyesha shauku kubwa kuhusu mavuno."

Siwema alikwisha toka. Alikimbia, viatu mkononi, mwanamke wa karibu miaka arobaini, anakimbia juani. Saa kumi ilimkuta mlimani, akasikia vigelegele kutoka bondeni. Alipofika lango lilikuwa wazi, kamera zote kumi na mbili zimegeuka huku na huku zenyewe, na watu wamejaa matutani wanachimba kwa majembe, kwa vijiti, kwa kucha. Moshi wa mafiga ulikwisha anza kupanda. Alimpokonya mtoto mmoja kipande kibichi mdomoni. Mama yake akamsukuma Siwema akaanguka.

"Una roho gani wewe?" yule mama alimwambia. "Unashiba kwa mshahara, unamnyang'anya mtoto!"

*

Siku za kwanza watu walitapika, wengine kichwa kikawauma, wakasema ni tumbo halijazoea shibe. Wazee wawili wakafa, na wazee hufa. Wakaendelea kula, hapakuwa na kingine. Wiki ya nne Chausiku aliamka asubuhi akataka kwenda msalani, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa, magoti yamebanana, vidole vinatazama chini. Hakuwa na homa. Hakulia hata, alidhani amelalia vibaya. Mpaka mwisho wa mwezi walikuwa watoto kumi na wanane, na daktari wa hospitali ya mkoa alimwambia Mwavita ukweli mbele ya Siwema: miguu ya namna hiyo hairudi.

Mwavita hakumlaumu mdogo wake. Bora angemlaumu. Alimtazama tu, akasema, "Ulituambia," akageuka kumfunika mtoto.

Siwema hakuandika barua safari hii. Alhamisi alimbeba Chausiku mgongoni kama anavyobebwa mtoto mchanga, mwendo wa saa nzima, akaingia naye ukumbini, akamkalisha sakafuni mbele ya skrini, pale ambapo kamera lazima imwone. Pazi alifungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga.

Mlango ukafunguliwa, Mheshimiwa akaingia. Ukumbi mzima ukasimama, kama ilivyo desturi, viti vikakwaruza. Chausiku alifundishwa adabu shuleni kama watoto wote wa Heshimani. Akaweka viganja sakafuni, akasukuma. Akainuka kidogo, akaanguka kwa kidevu. Akaweka viganja tena. Hakuna aliyekohoa. Siwema aliinama kumshika, mtoto akautoa mkono wake. Alitaka asimame mwenyewe.

Mheshimiwa aliona. Na nawaambia machozi yalimlengalenga, mtu yule hakuwa na roho mbaya. Akamwendea, akamgusa kichwa.

"Kaa, mwanangu. Kaa tu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kiongozi gani mnyenyekevu namna hii! Ng'ambo Bwana Klaas naye akapiga makofi. Mheshimiwa akainua mkono wapate kutulia, akamwita Katibu aandike, na papo hapo kamati ikapitisha azimio kwa kauli moja, la kwanza katika historia yake kupitishwa kabla ya salamu: kwamba watoto kumi na wanane wa Kitopeni, kwa kuzingatia hali zao, wamesamehewa kusimama kiongozi anapoingia, mahali popote nchini, kwa muda wote wa maisha yao. Waraka utatolewa, upelekwe shule zote.

Makofi yalikuwa bado hayajaisha Siwema alipombeba mtoto mgongoni na kumgeuzia Mheshimiwa kisogo. Alitoka naye akashuka ngazi, akapita mipapai, wala hakujali nani anamwona. Walishika njia ya Kitopeni. Chausiku alikuwa amemkumbatia shingo, kidevu kinamtoka damu kidogo.

"Mama mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Mwalimu Mkuu alikuwepo mle ndani. Ameniona sikusimama. Atanichapa?"

Siwema alisimama njiani. Akamsogeza juu mgongoni, akamshika vizuri ile miguu migumu.

"Hatakuchapa," alisema. "Umetolewa waraka."